Kiatu cha Motokaa ya Kale

Motokaa ni kitu cha chuma, lakini haigusi ardhi kwa chuma chake. Kati ya uzito wake wote na barabara pana vipande vinne tu vya mpira, na kila kimoja ukubwa wake haupiti sana kiganja cha mtu mzima. Juu ya vipande hivyo vinne motokaa huenda, hugeuka na husimama. Na juu ya vipande hivyo hivyo hutegemea uhai wa wote waliomo ndani yake na wa wote wapitao kando ya njia. Kwa hiyo habari ya tairi si habari ndogo. Na mtu aliyehifadhi motokaa ya zamani hana budi kujiuliza swali hili: je, aivike matairi ya namna ile iliyovaa siku ilipotoka kiwandani, au aivike matairi ya kisasa?

Huenda ukasema, msomaji, kwamba swali hili ni la watu wenye fedha, nawe huna motokaa ya kale wala mpya. Lakini ukilitazama vizuri utaona kuwa ni swali la historia, na kila aliyerithi kitu cha kale hukutana nalo. Mwenye nyumba ya mawe katika mji wa Lamu, dari yake ikioza, hujiuliza kama aweke tena boriti za mikoko au aweke chuma. Akichagua boriti, ameulinda ukale. Akichagua chuma, pengine amewalinda wanawe wasiangukiwe na dari. Wahenga wetu nao walinena pande zote mbili. Walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tena wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini methali haziwezi kutuchagulia tairi. Yatupasa kwanza kujua tairi limetoka wapi.

Utomvu wa mpira ulijulikana tangu zamani, lakini ulikuwa na kasoro kubwa: wakati wa joto uliyeyuka na kunata, na wakati wa baridi ulikuwa mgumu ukapasuka. Mwaka 1839 Mmarekani mmoja, Charles Goodyear, aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hupata nguvu, nao hubaki kunyumbuka katika joto na katika baridi. Mwaka 1845 kijana wa Kiskoti, Robert William Thomson, aliyekuwa na umri wa miaka 23, alipata hataza ya gurudumu lenye mpira uliojazwa hewa. Wakati ule hapakuwa na motokaa, na uvumbuzi wake ukasahauliwa. Mwaka 1887 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, alitengeneza mpira wa hewa kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe, na mwaka 1888 akapata hataza. Hataza hiyo baadaye ilibatilishwa, kwa kuwa ilionekana Thomson alimtangulia. Lakini ni Dunlop aliyeufanya ulimwengu uanze kwenda juu ya hewa. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliingia katika mashindano ya kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, wakiwa na motokaa yenye matairi ya hewa. Matairi yalitoboka mara nyingi njiani na ushindi hawakuupata, ila watu waliona kwa macho yao kwamba jambo lile lawezekana.

Hapo tamaa ya mpira ikazidi duniani, nasi tusipite mahali hapa upesi. Sehemu ya mpira wa siku zile ilitoka katika misitu ya Kongo, nchi iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu mwaka 1885 hadi 1908. Watu walilazimishwa kuingia msituni kutafuta utomvu wa mitambaazi. Wake zao walishikwa mateka mpaka mizigo ya mpira itimie, na wengi waliuawa au kukatwa mikono. Mwaka 1904 taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilifichua maovu hayo. Baadaye mashamba ya miti ya mpira ya Malaya, iliyotokana na mbegu alizochukua Henry Wickham kutoka Brazili mwaka 1876, yaliushinda mpira wa mwitu. Hata jirani zetu wa Tanganyika waliguswa na habari hizi. Wajerumani walipanda mashamba ya mpira huko Tanga, bei ikaanguka mwaka 1913. Na Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, Waingereza waliirudia miti ile iliyosahauliwa na kuigema tena. Basi mtu apendaye tairi la kale kwa uzuri wake tu, bila kujua jasho na damu iliyomo, amependa ganda la historia wala hakuifikia kokwa.

Sasa tulitazame tairi lenyewe. Wengi hudhani kwamba tairi ni mpira mtupu. Sivyo. Ndani ya mpira mna nguo iliyofumwa kwa nyuzi, nayo ndiyo inayolishika tairi lisipasuke kwa nguvu ya hewa. Nyuzi hizo zamani zilikuwa za pamba, kisha zikaja za reyoni na nailoni. Sehemu igusayo barabara tutaiita wayo wa tairi, na sehemu ya pembeni tutaiita ubavu. Na hata rangi ile nyeusi uijuayo si ya asili. Matairi ya kwanza yalikuwa meupe-meupe au ya kijivu, mpaka katika miaka ya 1910 watengenezaji walipozoea kutia masizi maalumu ndani ya mpira, kwa kuwa waliona masizi huuongezea wayo nguvu, ukadumu mara nyingi kuliko zamani. Kumbe weusi wa tairi haukuwa urembo, ulikuwa ni nguvu. Na ule mduara mweupe wa ubavuni, uliopendwa sana tangu miaka ya 1930 hadi 1950, ndio uliokuwa urembo.

Kwa muda mrefu nyuzi za ndani zililazwa mshazari. Tabaka moja lilielekea kulia na la pili kushoto, yakapishana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Tairi la namna hii, tutakaloliita tairi la mshazari, lilikuwa imara na la kuaminika, nalo ndilo lililobeba karibu motokaa zote za nusu ya kwanza ya karne ya 20. Lakini lilikuwa na tabia mbili mbaya. Kwanza, matabaka yake husuguana kila gurudumu linapozunguka, na msuguano huzaa joto. Pili, ubavu na wayo ni kitu kimoja. Motokaa ikikata kona na ubavu ukijikunja, wayo nao hujipinda, na sehemu yake huinuka kutoka barabarani wakati ule ule inapohitajiwa zaidi.

Huko Ufaransa, katika kampuni ya Michelin, alikuwapo mtu aitwaye Marius Mignol. Akitaka kujua joto la tairi latokana na nini, alitengeneza tairi la kujaribia ambalo mbavu zake zilikuwa nyuzi za chuma zilizoachana, hata likapewa jina la kizimba cha nzi. Kutokana na majaribio kama hayo kampuni ilipata hataza ya tairi jipya mwezi wa Juni mwaka 1946, na mwaka 1949 likaanza kuuzwa kwa jina la Michelin X. Katika tairi hili nyuzi hazikulazwa mshazari. Zilikwenda moja kwa moja kutoka ukingo huu hadi ukingo wa pili, kama mbavu za mtu zizungukavyo kifua, kisha chini ya wayo ukafungwa mshipi wa nyuzi za chuma. Hili ndilo tairi la radiali. Ubavu wake hunyumbuka peke yake, na wayo hubaki umelala barabarani. Hushika njia vizuri zaidi, hasa wakati wa mvua. Hupata joto kidogo, hudumu zaidi, na hupunguza petroli itumikayo. Leo karibu kila motokaa ndogo uionayo barabarani yaenda juu ya radiali.

Tazama sasa, msomaji, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Motokaa ya Lancia Aurelia ilitoka kiwandani mwaka 1950 ikiwa imevaa radiali. Citroën DS, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1955, ilibuniwa kwa ajili ya radiali. Kwa upande mwingine, nchini Marekani tairi la mshazari liliendelea kutawala hata kufikia miaka ya 1970. Basi mtu akiivika Citroën DS matairi ya mshazari ili ionekane ya kale zaidi, hakuihifadhi historia bali ameisingizia. Na mtu aliye na Ford Model T, motokaa iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, hana la kuchagua, maana rimu zake nyingi ni za namna ya kale ambamo ukingo wa tairi hunasa kama kulabu na kushikwa hapo kwa nguvu ya hewa. Tairi la kisasa halikai juu yake. Huyu hana budi kununua tairi lililotengenezwa upya kwa umbo la zamani, kisha aende taratibu kama motokaa yake ilivyokusudiwa kwenda.

Swali letu ni gumu kwa motokaa zilizo kati ya hizo mbili. Chukua mfano wa Volkswagen ile ndogo, yenye mgongo ulioviringana kama wa kobe, injini yake ikiwa nyuma. Motokaa hii yajulikana sana kwetu. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, na tena mwaka 1957 na mwaka 1962, ikapita katika matope na vumbi vilivyozishinda nyingine kubwa kuliko yenyewe. Volkswagen ya miaka ile ilivaa tairi la mshazari la kipimo cha 5.60-15, yaani upana wa inchi 5.60 na rimu yenye kipenyo cha inchi 15. Lilikuwa tairi jembamba na refu, na hilo ndilo liipalo motokaa sura yake. Ukiivika tairi pana la siku hizi, sura huharibika mara moja, kama mzee aliyevishwa viatu vya mchezaji mpira.

Mwenye motokaa hiyo akichagua mshazari atapata nini? Atapata sura ya kweli. Atapata usukani mwepesi anapoegesha. Tena atapata mwenendo ule ule alioujua dereva wa mwaka 1955: motokaa huyumba kidogo ikifuata mifereji ya barabara, na katika kona huanza kuteleza polepole, ikimpa dereva onyo kabla ya kumwacha. Mtu atakaye kujua jinsi wazee wetu walivyosafiri hawezi kuyasoma hayo katika kitabu. Yampasa ayahisi mikononi mwake.

Akichagua radiali atapata nini? Atapata kusimama upesi zaidi penye maji. Atapata kwenda sawa bila kupigana na usukani. Lakini radiali ina madai yake. Kwa kuwa hushika barabara kwa nguvu, mzigo wote wa kona huhamia katika rimu, beringi na viungo vya usukani, ambavyo vilitengenezwa kwa ajili ya tairi lililoteleza mapema. Rimu ya zamani iliyochoka, hasa ile ya spoku, yaweza kupasuka. Nazo rimu nyingi za miaka ile hazina kile kinundu kidogo kizuiacho tairi lisilo na tyubu kuchomoka; kwa hiyo tyubu hazina budi kutiwa, tena ziwe tyubu za radiali. Fundi asiyeyajua haya atafanya kazi nzuri kwa macho na mbaya kwa roho za watu.

Lipo kosa moja ambalo halina udhuru wowote, nalo ni kuchanganya. Wapo wanunuao radiali mbili tu kwa kubana fedha, wakazifunga mbele na kuacha mshazari nyuma. Magurudumu ya mbele hushika na ya nyuma hayashiki. Katika kona nyuma hupita mbele, na motokaa huzunguka kama pia. Nchini Uingereza sheria inakataza kabisa kufunga radiali mbele na mshazari nyuma. Afadhali mshazari zote nne au radiali zote nne, lakini nusu kwa nusu ni kutafuta msiba.

Mwanafunzi mmoja katika chuo cha ualimu nifundishako alipata kuniuliza, “Mwalimu, motokaa ikibadilishwa matairi, je, bado ni ile ile ya kale?” Lilikuwa swali jema, na jibu lake linatoka katika historia yenyewe. Tairi halikuwa kamwe sehemu ya kudumu ya motokaa. Lilikuwa kiatu, na kiatu huisha. Volkswagen iliyofika Mombasa kwa meli mwaka 1955 huenda imekwisha kuvaa na kuvua matairi seti kumi au ishirini, na yaliyozeeka yakakatwa na mafundi kuwa akala, yakatembea tena miguuni mwa watu. Mwenye motokaa wa mwaka 1965, alipoingia dukani, hakuuliza tairi gani lilikuwapo miaka kumi nyuma. Aliuliza tairi gani litamfikisha Kisumu. Kwa hiyo mtu wa leo akichagua tairi bora la wakati wake, hakuivunja desturi ya kale, ameifuata.

Lakini isidhaniwe kwamba kila kilicho kipya kimeshinda. Tangu mwaka 1970 mjini Nairobi yamekuwapo maonyesho ya motokaa nzuri yaitwayo Concours d'Elegance. Huko motokaa huja ili ionekane na isomwe kama waraka wa kale. Tairi la umbo la wakati wake ni neno katika waraka ule, na kulifuta ni kupunguza maana. Kwa upande wa pili, tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya motokaa za zamani, yaliyoanzishwa ili kukumbuka Safari ya kwanza ya mwaka 1953. Huko motokaa hukimbizwa kwa nguvu zake zote juu ya mawe, nazo huvaa matairi yenye nguvu ya siku hizi, wala hakuna mwenye akili anayelaumu. Motokaa za namna moja zaweza kuwa katika mikusanyiko yote miwili, na kila mmoja ukawa na haki yake.

Hapa ndipo tuonapo kwamba mwenye motokaa atajiuliza kwanza kazi yake kabla ya kuuliza bei. Je, motokaa hii ni shahidi wa kutazamwa, au ni msafiri? Ikiwa ni shahidi, atembee nayo kidogo siku ya jua, nayo ivae vazi la wakati wake. Ikiwa ni msafiri, itakayoteremka Mai Mahiu wakati wa masika, juu ya ile barabara iliyochongwa na mateka wa Kiitalia siku za Vita vya Pili vya Dunia, ikiwa na lori mbele yake na matatu nyuma yake, basi mambo ni mengine. Magari hayo yote yana breki za leo, na yatasimama ghafla kwa breki za leo. Mtoto avukaye njia hajui kama motokaa imjiayo ni ya kale, wala si haki alipe yeye gharama ya sura nzuri. Katika safari ya namna hiyo radiali nyembamba, yenye kipimo kikaribiacho kile cha zamani, pamoja na rimu zilizokaguliwa, ndiyo hekima. Wapo hata watengenezao radiali zenye ubavu na mikato ya umbo la zamani, kwa ajili ya mtu atakaye sura ya babu na miguu ya kijana.

Tena awe mwangalifu na jambo lipitalo yote hayo: umri wa mpira wenyewe. Motokaa ya kale aghalabu hukaa bandani, na tairi lake huweza kuonekana zuri, mikato yake mirefu kana kwamba limenunuliwa jana, kumbe mpira umekauka na nyuzi zimeachana ndani. Matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu nne ubavuni, za juma na za mwaka. Ukisoma 2319, ujue tairi lilitoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka 2019. Uingereza iliona hatari hiyo, na tangu mwezi wa Februari mwaka 2021 imekataza malori na mabasi kutumia matairi yaliyopita miaka 10 katika ekseli ya mbele. Tairi la kweli la mwaka 1955 mahali pake ni juu ya ukuta wa makumbusho. Tairi la umbo la 1955, lililotengenezwa mwaka huu, ndilo la barabarani.

Mwisho, yeyote abadilishaye na aandike alichobadilisha. Aweke bandani rimu moja yenye tairi la namna ya zamani, na katika daftari la motokaa atie tarehe, kipimo na sababu. Kubadilisha si kosa. Kosa ni kubadilisha kisha kunyamaza, ili wajao wadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Nawe, msomaji, huenda siku moja ukapewa kitu cha kale ukitunze: motokaa, nyumba, au hata desturi ya watu wako. Usikubali kusikia kwamba cha kale chote ni bora, wala kwamba cha kale chote kimepitwa. Uliza kilitengenezwa mwaka gani, na kwa kazi gani. Uliza ni nani aliyeumia ili kipatikane, na ni nani atakayeumia kikishindwa. Ukiisha kuyajua hayo manne, hutashindwa kuchagua.